Chokaa

Mistari ya uwanja naipiga mimi, kwa kamba na kopo la chokaa,
kila Jumamosi asubuhi, kabla farasi wa Urrutia hawajakatiza.
Kaka yangu Wilmar husimama kando, mikono nyuma,
hasemi kitu mpaka nikosee.
"Umepinda."
Nami nafuta kwa soli ya kiatu, naanza upya.

Alichukuliwa akiwa na miaka kumi na tisa.
Mtu wa koti la ngozi alitoka Montevideo,
akamtazama nusu saa, kwenye tope la Julai,
akauliza: huyu wa mguu wa kushoto ni mtoto wa nani?
Mama akabonyeza dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma.
Mimi nikarithi zamu yake kiwandani Fray Bentos,
chumba cha kufunga makopo ya nyama,
ambako harufu hukusindikiza mpaka kitandani.

Ugiriki. Kavala. Tuliutafuta mji huo kwa kidole
kwenye ramani ya shule, tukakuta pana tundu la nondo.
Kule walitaka wachezaji wenye damu ya huko,
basi klabu ikamtafutia babu:
mzee wa kuandikwa, mwenye kijiji, mwenye tarehe ya kufa.
Alilala Echenique, akaamka Ekenidis.
Kipaza sauti kilipolitaja jina hilo mara ya kwanza
aligeuka kumtafuta mwenyewe.

Barua zake zilikuwa fupi. Bahari iko chini ya dirisha.
Ghala za tumbaku zanukia vizuri kuliko kwetu.
Nimefunga mawili. Msalimie mbwa.
Hakuandika kuhusu miezi saba ya benchi,
wala goti lililopasuliwa mara tatu na daktari yule yule,
wala Despina,
aliyemzalia binti anayebeba jina la babu asiyekuwepo.
Hayo aliniambia usiku mmoja ndani ya lori,
tukirudi kutoka mji wa Mercedes, tumefungwa nne bila.
Nilikuwa naendesha. Sikugeuka.

Alirudi na sanduku moja na mguu unaotabiri mvua.
Kiwanda kilikuwa kimeshafungwa.
Mcheza kwao hutunzwa, walimwambia mkahawani;
lakini yeye alikwisha kuchezea kwa watu,
na tunzo aliyobakishiwa ni filimbi,
ufunguo wa stoo ya jezi,
na vijana kumi na watatu wenye jozi tisa za viatu.

Akawafundisha kupokea mpira wakiwa wamefumba macho.
Akawakimbiza huku akihesabu Kigiriki, ena, dio, tria,
nao wakadhani ni maneno ya bahati;
hata leo mafundi magari wa mji huu, wenye vitambi sasa,
wakiinua injini huhesabu vile vile.
Kombe hatukulichukua. Mwaka mmoja tulikuwa wa pili.
Alivua kofia siku hiyo, akaivaa tena.

Machi iliyopita akaja mwingine, hana koti la ngozi, ana simu mbili.
Alimtaka Ademir Bidegain, miaka kumi na saba, mguu wa kushoto.
Wilmar akamsikiliza mpaka akamaliza,
kisha akauliza jambo moja tu:
"Jina lake litabaki lake?"
Yule bwana akacheka, akidhani ni mzaha wa wazee.
Mama wa kijana anajua kusoma.
Alisoma kila ukurasa mara mbili, akatia saini.

Jumamosi iliyofuata mkono ulinitetemeka,
mstari wa katikati ukaenda kombo kama njia ya ng'ombe.
Nikasimama, kiatu tayari, nikilisubiri neno lake.
Aliutazama wote, toka kibendera hadi kibendera.
"Uache," alisema.
Midomo yake ilikuwa bado inacheza.
Nilisogea karibu. Alikuwa anahesabu.